Mwosha Vyuma

Sisi watu wa bondeni tulimwita Mwosha Vyuma, na katika miaka yote niliyomjua sikusikia mtu akimwita vinginevyo. Nyapara wake alimwita hivyo, watoto walimwita hivyo, hata yeye mwenyewe akipiga hodi mahali na kuulizwa ni nani, alijibu, "Mwosha Vyuma." Wengine walisema ni mtu wa pwani, kwa jinsi alivyotamka maneno. Wengine wakasema alikuja na reli, akashuka hapa reli ilipofika, akasahau kupanda tena. Mimi sikumwuliza. Siku hizo nilikuwa mwanamke kijana, mume wangu alikuwa mpakia mizigo stesheni, na mimi nilikuwa nauza uji. Muuza uji haulizi mtu kwao ni wapi. Anauliza kama ana njaa.

Ilikuwa enzi ya Mdachi, yaani Mjerumani. Juu kidogo ya mji, pale mto Morogoro unaposhuka kwa kelele kutoka milimani kabla haujatulia, Mdachi mmoja alikuwa amejenga karakana ya kusafisha vyuma. Mashamba ya mkonge yalikuwa na vinu, vinu vilikuwa na vipuri, na vipuri vililiwa na utomvu wa mkonge mpaka vikawa kama vimeugua ndui. Reli nayo ilikuwa na pampu zake. Vyote vililetwa karakana kwa mikokoteni, vyeusi, vimeganda mafuta na kutu, na baada ya siku chache vikatoka vinang'aa hata mtu akaona haya kuvishika kwa mkono mtupu.

Vibarua wengine walisugua kwa mchanga na msasa. Yeye alikuwa na chumba chake cha nyuma, chenye birika refu la mbao lililofunikwa ndani kwa mabati ya madini ya risasi, limejaa tindikali. Gurudumu la maji pale mtoni lilizungusha mtambo mdogo wa umeme, na kutoka kwenye mtambo huo nyaya mbili za shaba ziliingia birikani. Alitundika kipuri kwenye waya, akakizamisha, akasimama kukitazama. Nilimwona hivyo mara nyingi nikipita na chungu changu: mtu amesimama peke yake, amejifunga kitambaa mdomoni, anatazama maji yanayotoa mapovu.

Siku moja nilimwuliza, "Baba, kwani humo ndani unakifanya nini hicho chuma?"

Alinitazama kwanza kuona kama namdhihaki.

"Chuma ukikiangalia karibu sana," alisema, "kina vilima na mabonde kama huko kwenu juu. Wenzangu wanasugua. Wanavilaza vilima juu ya mabonde. Kinang'aa, lakini uchafu umefunikwa humo, na kutu itarudi. Mimi sisugui. Umeme na tindikali vinavila vilima polepole mpaka pawe sawasawa."

"Kwa hiyo hukipaki kitu?"

"Sipaki kitu. Kung'aa si kupaka, binti. Ni kuondoa."

Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwake kwa wakati mmoja, ukitoa siku alipokuwa mgonjwa.

Mdachi mwenyewe, nadhani, alikuwa bado anaijaribu kazi ile. Alikuja na daftari, akatazama, akaandika, akaenda zake. Lakini aliyejua ni Mwosha Vyuma. Alijua kwa rangi ya mapovu ni lini chuma kitolewe. Kuna kipuri kimoja cha pampu ya reli nilichokiona kimeanikwa juu ya gunia mlangoni, na kwa macho yangu hakikuwa na kasoro. Mdachi alikiinua, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaamuru kifungwe. Mwosha Vyuma alikichukua mikononi mwake, akakirudisha chumba cha nyuma, akakizamisha tena. Mdachi alipiga meza, akafoka kwa lugha yao. Yeye hakugeuka. Kilipotoka mara ya pili alikishika juani na kumwonyesha mahali, kwa ncha ya ukucha. Mdachi alitazama, akafunga daftari lake, akaondoka. Vibarua walicheka kwa furaha, wakitaka acheke nao. Hakucheka. Alikuwa na kiburi cha kazi, na kiburi hicho kilimtenga na wenzake kama vile tindikali ilivyomtenga.

Maana tindikali ilimtenga kweli. Vidole vyake vilikuwa vya manjano, kucha zimeliwa, ngozi ya viganja imekakamaa kama gome. Hakumpa mtu mkono. Ukimwambia shikamoo alijibu, "Marahaba, usisogee." Watu walilichukua hilo kama dharau, nami mwanzoni nililichukua hivyo. Baadaye nikaona kanga yangu mwenyewe imetoboka pale iliposugua mlango wa chumba chake, nikaelewa. Kununua uji kwangu alikuwa na utaratibu wake: alikuja na bakuli lake, akaliweka juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua tatu. Mimi nikamimina, nikasogea kando, ndipo akaja kulichukua.

Tena pua yake ilikuwa imekufa. Mvuke wa birika ulikuwa umeiunguza zamani, hakusikia harufu yoyote. Akishika bakuli alikuwa akiniuliza kutoka pale alipo, "Leo uji unanukaje?"

"Unanuka ndimu, baba. Na moshi kidogo, kuni zilikuwa mbichi."

Aliitikia kwa kichwa, akanywa. Siku nilizokuwa na haraka nikamjibu, "Unanuka uji," alikunywa vilevile, lakini aliniacha na kitu kizito moyoni, sijui kwa nini. Nilijizoeza kumjibu vizuri. Nafikiri mazungumzo yake yote ya siku, ukiacha amri za nyapara, yalikuwa hayo.

Msidhani nawachorea malaika. Alikuwa mkali kwa ombaomba. Aligombana na kila mwanamke aliyefua nguo karibu na karakana, alitoka mlangoni na kupiga kelele, "Alhamisi msichote maji hapa! Msifulie hapa! Nendeni juu!" Akiulizwa sababu alirudi ndani. Sisi tulisema, mto ni wa nani? Wa baba yake? Baadhi yetu tulichota maji Alhamisi makusudi tu, kumkomesha. Alichukia ngoma, akafunga dirisha zikipigwa. Lakini usiku wa Maulidi unapokaribia, vijana wanapojizoeza kaswida alasiri, alikaa upande wa nje wa uzio wa msikiti, amejiinamia, mpaka wamalize. Hakuingia. Alisema nguo zake zitaharibu mikeka ya watu.

Nyumba yake ilikuwa upande wa Mafiga, imejitenga, udongo mtupu. Nilimkuta huko mara moja tu, alipokuwa mgonjwa wa kifua nikampelekea uji. Mtu ambaye hakuridhika na chuma mpaka kiwe kama maji matulivu alikuwa akiishi ndani ya masizi. Buibui walitanda kona zote. Hakuwa na kioo, wala kinu, wala kitu cha kukalia mgeni. Nguo zake zilining'inia ukutani zote zina matundu, kama zimeliwa na panya. Kulikuwa na sanduku moja la mbao, safi, limepanguswa vumbi, na ndani yake, kwa vile alinituma nitoe shuka, niliona kanzu nyeupe isiyo na tundu hata moja.

Kanzu hiyo ilijulikana na mji mzima. Gari la moshi la kutoka pwani likiwa karibu kufika, kama hakuwa kazini, Mwosha Vyuma alioga mtoni, akavaa ile kanzu, akaenda stesheni. Mume wangu alimwona huko kila mara. Alisimama mwisho kabisa, mbali na watu, akawatazama wanaoshuka mpaka wa mwisho, kisha akarudi nyumbani kuivua. Alisema anamngojea mke wake. Wapakiaji mizigo walimwita bwana harusi.

"Hana mke huyo," mume wangu alisema. "Anajitungia."

Nilimwuliza siku ile ya ugonjwa, nikiwa nimekaa kizingitini.

"Alikuja," akasema. "Kabla wewe hujaanza kuuza uji. Alikaa siku nane. Alisema nyumba inanuka, na mimi nanuka, koo linamwasha. Mimi sikuisikia hiyo harufu, nifanyeje? Siku ya tisa nilimpeleka stesheni mwenyewe. Alisema atarudi nikishapata kazi nyingine."

"Na kwa nini hutafuti kazi nyingine?"

"Hii ndiyo ninayoijua," alisema, akageukia ukutani.

Kuna jambo lingine ambalo sina budi kulieleza kabla sijafika kwenye ubaya wetu. Kila siku, akisharudisha bakuli kwenye jiwe, aliniuliza, "Jivu lako unalitupa wapi?" Nilimwambia nalitupa nyuma ya jiko. Akaniomba nimwekee. Nilimwekea kwenye kapu bovu, naye akalibeba. Aliomba jivu kwa wauza mihogo pia, na kwa mwokaji mikate wa sokoni. Nilidhani ni la kusugulia. Na Alhamisi, ile siku aliyotufukuza mtoni, watu walimwona akipanda kilima nyuma ya karakana na mzega begani, ndoo mbili zinaning'inia, anatembea kama mwenye kubeba mayai. Alipanda na kushuka mara nyingi. Hakuna aliyefuata kuona anapeleka nini. Kama kungekuwa na mtu mmoja tu mwenye kumpenda, angemfuata.

Sasa nitasimulia juu ya Mama. Bustani ya Mama ilikuwa chini ya karakana, mkono wa kulia wa mto, inamwagiliwa na mfereji uliochimbwa na bibi yangu. Alilima mchicha, bamia, nyanya, majani ya maboga na miwa pembeni. Ilikuwa bustani ya kujivunia. Mama alikuwa mwanamke wa maneno makali na miguu myepesi. Alipanda kwetu Uluguru na kushuka siku moja, na mzigo kichwani, akaimba njia nzima.

Asubuhi moja ya kiangazi alifungua mfereji kama kawaida na kusimama ndani yake kuelekeza maji kwa jembe. Alihisi miguu inawasha. Alidhani ni upupu. Alipoangalia aliona perege wanaelea matumbo juu, na majani ya mchicha yanageuka rangi mbele ya macho yake. Alipiga ukelele nikausikia nikiwa jikoni. Tulimtoa mferejini, tukamwagia maji ya kisima, lakini ngozi ya nyayo zake ilikuwa imeshaanza kubambuka.

Watu wakajaa karakana. Mdachi hakutoka. Nyapara ndiye aliyetoka, akasimama ngazini, akasema, "Aliyefanya haya ni Mwosha Vyuma. Amezembea. Tindikali ni kazi yake, mnajua wenyewe."

Wakamleta. Mimi nilikuwa mbele, nimemshika Mama ambaye alikuwa amelazwa kwenye machela. Mwosha Vyuma alisimama wima kuliko nilivyowahi kumwona, hakuegemea ukuta, hakuinama, shati limemganda mgongoni. Nikajisemea, tazama kiburi chake hata leo.

"Ni wewe?" Mama alimwuliza. "Umeniua miguu, ni wewe?"

Alitazama miguu ya Mama. Midomo yake ilitikisika lakini hakusema neno. Mtu mmoja akamtupia udongo, mwingine jiwe dogo. Nyapara akamrudisha ndani, na sisi tukaondoka na jibu letu.

Siku tatu baadaye nilirudi kuuza uji. Alikuja na bakuli lake, akaliweka juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua tatu. Vibarua wote walikuwa wanatazama. Nilimimina uji, nikalijaza bakuli hadi juu. Kisha nikalishika nikalipindua, nikaumwaga wote chini, mbele ya miguu yake.

"Mpelekee nyapara wako akuambie unanukaje," nilisema.

Watu walicheka. Yeye alisubiri mpaka nikasogea. Alikuja, akaokota bakuli, akalisuuza mtoni, akaingia ndani. Hakuja kwangu tena. Na si kwangu tu. Wauza mihogo walikataa kumwuzia, watoto waliachiwa wamzomee njiani, na pale nje ya uzio wa msikiti mtu mmoja alimwambia akakae mbali zaidi. Kwa miaka miwili nilimwona karibu kila siku na hatukusemezana. Jivu langu nilirudia kulitupa nyuma ya jiko.

Miguu ya Mama haikupona sawasawa. Vidonda vilifunga, vikafunguka. Alitembea kwa fimbo, hatua chache, akaketi. Kuimba aliacha.

Vita vikaja. Karakana ikaanza kufanya kazi za jeshi, na wanaume wakaanza kuchukuliwa upagazi. Walimchukua mume wangu, na tangu siku hiyo sikumwona tena. Katika kundi hilohilo alikuwamo kibarua mmoja wa karakana, mtu wa Mikese, ambaye nilimjua kwa sababu alipenda uji wa sukari. Wakiwa wamekalishwa chini barabarani, wamefungwa kamba, nilimpelekea mume wangu maji, na yule kibarua akanivuta kanga.

"Dada, nakwenda, na sijui kama nitarudi," alisema. "Ile tindikali niliimwaga mimi."

Sikumwelewa. "Ipi?"

"Iliyomuunguza mama yako. Mwosha Vyuma alikuwa haimwagi mtoni hata siku moja. Alichimba shimo kule juu kilimani, akaipeleka huko kwa mzega kila Alhamisi, na akawafukuza mtoni asije akajikwaa ikatiririka huko, akaichanganya na jivu mpaka ikafa nguvu. Mdachi akaona inamlia muda, akamwambia amwage mtoni. Akakataa. Wakampiga hamsa ishirini. Alipokuwa amelala hajiwezi, nyapara akaniita mimi na kuniambia mwaga. Nikamwaga. Nina watoto, dada, ningefanyaje?"

"Na yeye anajua kwamba ni wewe?"

"Anajua. Siku mlipokuja ndiyo kwanza alikuwa amesimama kwa mara ya kwanza. Alinitazama, akanyamaza."

Hamsa ishirini: viboko ishirini na vitano. Nikaliona lile shati lililoganda mgongoni. Nikayaona makapu yangu yote ya jivu.

Nilikwenda Mafiga jioni ileile. Nyumba ilikuwa tupu, mlango umeegeshwa kwa jiwe, sanduku lipo. Jirani wa mbali aliniambia karakana imemhamishia kwenye kazi nyingine njia ya reli, atarudi siku moja moja. Nilirudi mara nne, sikumkuta. Na ninakiri hili nalo: Mama sikumwambia. Chuki yake kwa mtu yule ndiyo iliyokuwa ikimwamsha asubuhi na kumpa la kusema. Tena niliogopa angeniuliza juu ya ule uji.

Nilimkuta siku Wadachi walipokuwa wanauhama mji. Majeshi ya adui zao yalikuwa yanakuja kutoka kaskazini, askari wa Mdachi wakaanza kuelekea milimani, na kila mwenye ndugu juu akapanda. Mimi na Mama tulitoka alfajiri kwenda kijijini kwa ukoo wetu, na mchana ulipofika tulikuwa hatujamaliza hata kilima cha kwanza. Mama aliketi juu ya jiwe, damu inatoka nyayoni. Watu walitupita na mizigo yao, mbuzi wao, wazee wao migongoni. Kila mtu alikuwa na wake.

"Niache hapa," Mama alisema. "Wewe nenda."

Nikasikia kikohozi nyuma yetu. Mtu alikuwa anapanda na furushi dogo, anasimama kila baada ya hatua kumi kuvuta pumzi. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe zote. Alipotuona alisita, na nadhani kama njia ingekuwa na tawi, angeshika tawi.

"Shikamoo, baba," nilisema.

"Marahaba." Aliitazama miguu ya Mama. Akaweka furushi chini, akachutama mbele yake, akampa mgongo. "Panda, mama. Askari wako nyuma, wanakamata watu."

Mama aligeuza uso. "Wanikamate. Mimi nipande mgongo wa huyu?"

"Mama," nikasema, "si yeye."

Nikamweleza palepale njiani, nimesimama, watu wakitupita. Nikamweleza shimo na mzega na jivu, viboko ishirini na vitano, na kibarua wa Mikese. Nikamweleza na uji. Mama alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Ni kweli?" alimwuliza.

"Tindikali niliichanganya mimi," alisema Mwosha Vyuma, bado amechutama, ametupa mgongo.

"Sikukuuliza nani aliichanganya. Nani aliimwaga?"

Alisogeza furushi lake pembeni.

"Si mimi, mama."

"Na siku ile mbona hukusema?"

"Niliona miguu yako. Nikaona neno lolote nitakalosema, nitakuwa najisemea mimi."

Mama alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akaweka fimbo chini, akaweka mikono yake yote miwili mabegani kwa yule mtu, akapanda.

Alimbeba mpaka jua likaanza kushuka. Mimi nilikuwa mbele na mizigo, mara nyuma kumsukuma penye utelezi. Alipumzika mara nyingi. Kifua chake kilikuwa kinalia kama mvukuto uliotoboka, na Mama alikuwa akimfuta jasho shingoni kwa kanga yake, na kumwonyesha mahali pa kukanyaga, "Hapo, hapo kulia, mzizi huo ni imara." Mahali fulani nilipokuwa karibu naye nilisema, "Baba, ule uji..."

"Ule umekwisha, binti," alisema. "Angalia njia."

Tulipofika kwetu alimshusha Mama kwenye kizingiti cha nyumba ya ndugu zetu, lakini mwenyewe hakukubali kuingia. Walimletea maji, akanywa amesimama. Ndugu zetu hawakumjua, walimkaribisha kama mgeni yeyote, na nilimwona anababaika, hajui aweke wapi mikono.

Kwetu ardhi hufuata ukoo wa mama, na Mama alikuwa na sauti juu ya sehemu yake. Alimwita akiwa bado amekaa kizingitini.

"Unaona kile kipande pale chini, penye migomba miwili? Ni changu. Udongo wake mweusi na maji yako karibu. Lima."

"Mimi sijui kulima, mama."

"Nani alizaliwa anajua? Utajifunza. Nitakuwa nakaa hapo ukingoni nakuelekeza, miguu mibovu lakini mdomo mzima."

Hapo Mwosha Vyuma alicheka. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka, meno yake machache. Alikitazama kile kipande muda mrefu, tangu migomba mpaka chini, kama alivyokuwa akitazama kipuri.

"Nina sanduku langu Mafiga," alisema. "Nalifuata, kisha nakuja."

"Nenda kesho," nikamwambia. "Huko chini kumechafuka."

"Ni sanduku dogo tu. Nitarudi keshokutwa."

Akaagana na Mama, akaagana nami, akashuka. Tulimtazama mpaka njia ikamkata.

Keshokutwa hakuja. Askari waliendelea kupita njia ya bondeni siku kadhaa, wakichukua kila mwanamume waliyemkuta, mzima na mbovu. Wageni wapya wakaushika mji. Nilipoweza kushuka nilikwenda Mafiga. Nyumba ilikuwa imeanguka upande mmoja. Sanduku halikuwapo. Kwa hiyo alifika. Zaidi ya hapo sikuweza kujua, na hakuna aliyekumbuka kumwona, kwa sababu watu walikuwa wamejifundisha kutomwona.

Mama alikitunza kile kipande. Kila msimu alijiburuza mpaka huko, akakaa chini, akapalilia akiwa amekaa, akisogea kwa matako kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Alikipalilia kikiwa hakina kitu. Wajomba zangu walimwambia, "Dada, ardhi nzuri inalala." Aliwajibu kwamba ina mwenyewe. Misimu mitatu ikapita hivyo.

Kisha ikaja njaa iliyofuata vita. Tulikula mizizi, tukala magamba ya migomba. Mvua za kwanza ziliponyesha, Mama akiwa amelala na homa, nilichukua jembe na kiganja cha maharage niliyobadilishana kwa kanga yangu nzuri, nikayapanda kwenye kile kipande chote. Sikumwambia. Yalistawi sana, ardhi ilikuwa imepumzika.

Siku niliyopika maharage ya kwanza Mama alikuwa ameanza kupata nguvu. Nilimpakulia, akala kijiko kimoja, cha pili, kisha akaniuliza yametoka shamba lipi.

Nikamwambia.

Alishikilia kijiko hewani, akatazama nje upande wa njia inayopanda kutoka bondeni. Nilingoja anitukane. Baadaye akarudisha macho kwenye chakula, akaendelea kula.